Ukaguzi wa Ijumaa

Kwanza kabisa, hawanuki. Nasema mapema, kwa sababu kila niliyemwambia kwamba nafuga funza alishika pua kabla sijamaliza kusema. Funza wa unga hawahusiani na mizoga wala vidonda. Wanakula pumba za ngano na vipande vya karoti, wanakaa wakavu kama mchele, na harufu yao ni ya ghala la nafaka, basi. Dada mmoja wa saluni aliniuliza kama hawatoki kwenye trei wakaingia watu masikioni. Nikamwambia wanaingia kwa wenye nafasi kichwani tu. Hatujasalimiana tena.

Nilianza na kopo moja la aiskrimu. Nilipewa na fundi viatu, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ambaye alikuwa akiwafuga kwa ajili ya ndege wake wa kwenye tundu na wakamchosha. Mimi wakati huo nilikuwa sina kazi mwaka wa pili. Nilikuwa mshonaji wa sare kiwandani, nikaacha ili nimwangalie baba, na tangu hapo mapato yangu yalikuwa kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Nikalifikisha lile kopo kwenye stoo ya nyuma, nikawamwaga funza kwenye droo ya kabati bovu, nikawawekea pumba kina cha vidole vitatu. Baada ya miezi minne zile droo zilikuwa kumi na sita.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka jicho tu. Funza wakishakula wakashiba wanajikunja, wanakuwa weupe, wanatulia tuli. Hao niliwaita waliolala. Wakiamka wana mabawa magumu meusi, na hao niliwaita wazazi, maana ndio wanaotaga. Ukiwaacha pamoja, wazazi wanawatafuna waliolala bila aibu, kwa hiyo kila asubuhi lazima uchekeche na kutenganisha. Maji huwapi, utaleta ukungu. Karoti inatosha. Wote kwa jumla niliwaita wapangaji, na kusema kweli walikuwa wapangaji wazuri kuliko wengi ninaowajua.

Sasa sikia kichekesho cha mambo. Baba yangu alikuwa mtunza ghala la nafaka kwa miaka thelathini na moja, na kazi yake kubwa humo ilikuwa kuwaua hawa hawa. Wao na fukusi na kila kinachotembea juu ya gunia. Angekuwa na akili zake timamu, akasikia binti yake anawakatia karoti wadudu wa ghala, angenikana mchana kweupe.

Lakini akili zake hazikuwepo. Zilianza kumponyoka kidogo kidogo, majina kwanza, kisha siku, kisha mama yetu kwamba amekufa, na mwishowe mimi. Baba alikuwa ananiita bibie, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwita karani asiyemfahamu. Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilijifungia chooni nikalia mpaka nikakwaruza koo. Baadaye nilizoea, au nilijiambia nimezoea.

Kitu kimoja hakikumtoka. Kila alasiri saa kumi aliondoka alipokuwa, akaenda kwenye bomba la uani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namngojea getini akitoka kazini, namkimbilia, naye ananyanyua mikono juu kama aliyenyooshewa bunduki: "Ngoja! Ngoja kwanza!" Ananikwepa, anakwenda bombani, anasugua kwa sabuni ya kipande, na ndipo ananigeukia mikono ikichuruzika maji na kunibeba. Kwa muda mrefu nilidhani hanipendi mpaka anawe. Mama ndiye aliyenieleza kwamba ni dawa za ghalani, baba anaogopa zisiniguse.

Mchezo wetu ulianza asubuhi moja alipong'ang'ania geti akitaka kwenda kazini. Alikuwa ameshapotea mara mbili, na mara ya pili alikutwa katikati ya barabara kuu akielekeza malori ya watu yarudi nyuma. Siku hiyo alilitikisa geti kwa nusu saa nzima. Nilikuwa nimechoka, jamani, nimechoka sana. Nikachukua koti lake la zamani la kaki lililokuwa nyuma ya mlango, nikalivaa, nikamwendea kifua mbele. "Zamu yako leo ni hapa," nikamwambia. "Ghala la nyuma."

Akaachia geti. Akanyoosha mgongo. "Sawa, bosi."

Nikampeleka stoo nikampa chekecho. Wacha wee! Mikono ile iliyoshindwa kufunga kifungo cha shati ilichekecha droo sita bila kumwaga hata punje. Alipowaona wadudu akakunja uso, nami nikamwahi: "Hizi ni sampuli za maabara. Usiziue, tenganisha tu." Akatii. Mtu aliyekulia kwenye ajira haulizi mambo ya maabara. Nikampa na daftari la kuandika anachokiona, na kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa bosi na yeye mtunza ghala. Alikula vizuri. Geti alilisahau. Kuna siku alipiga mluzi akichekecha, na nikasimama nje ya mlango nisikilize tu, kwa sababu mara ya mwisho kuusikia mluzi ule mama alikuwa hai.

Niliwauzia wafuga kuku, niliwauzia wenye ndege, kidogo kidogo, kwenye vikopo. Kisha akaja bwana mmoja tuliyemwita Mwenye Kware, ambaye alikuwa na mabanda marefu ya kware nje ya mji. Akatia mkono kwenye droo, akawaacha wamtambae kiganjani, akatabasamu kama mtoto. Alitaka ndoo mbili kila wiki, mfululizo. Alisema atakuja Ijumaa na gari kuchukua mzigo wa kwanza, na akiukuta kama alivyouona, tunaandikiana.

Ndoo mbili kila wiki. Kwa wengine si kitu. Kwangu ilikuwa baba yangu.

Niwaeleze kuhusu kaka. Kaka yangu mkubwa ni fundi wa lifti, mtu mzuri, mtulivu, ana watoto watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya nne. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Mwaka uliopita nilipolazwa, alimpeleka baba kwenye makao ya wazee kwa wiki mbili. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta kwenye kiti kando ya dirisha, shuka imezungushwa kifuani na kufungwa nyuma, mikono imefungwa pembeni. "Asianguke," wakasema. Alama zilikaa kwenye vifundo vya mikono wiki tatu. Nikamwambia kaka kwamba baba harudi kule ila mimi niwe nimekufa. Kaka akasema, "Mdogo wangu, mara ya tatu akitoka barabarani atagongwa. Ukipata mtu wa kumwangalia mchana, mimi sitasema neno. Usipopata, anakwenda. Nitakuja mwisho wa mwezi tuamue." Mwisho wa mwezi uliangukia Jumamosi, siku moja baada ya Mwenye Kware. Mtu wa mchana nilikuwa nimeshampata, mama mmoja muuguzi mstaafu. Pesa za ndoo zile ndizo zingemlipa, naye alikuwa anasubiri niseme anza.

Hivyo mambo yalikuwa yamenyooka. Nashukuru kwamba niliwahi kuiona wiki moja ya namna hiyo.

Jumatatu baba alitia ngumu kuoga. Ilikuwa siku ya tisa. Nilibembeleza, nikaimba, nikafoka, akakaa kitandani ameshika blanketi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa namuona Mwenye Kware anaingia uani na kukutana na ile harufu, kisha anawaza funza wangu. Basi nikavaa koti la kaki, nikaingia chumbani.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," nikasema.

Baba akasimama kama kijana. "Mkaguzi? Yupi, huyu wa kawaida au mkuu?"

"Mkuu."

"Mkuu mwenyewe!" Akatupa blanketi. "Basi kazi ipo, bosi. Kazi ipo."

Akaoga. Akajinyoa, akajikata kidogo chini ya kidevu, akaniomba nimpigie pasi shati. Na mimi, mpumbavu mimi, nikajiona mjanja kupita wote. Nilimsimulia fundi viatu tukacheka mpaka mbavu zikauma. Jumanne na Jumatano baba alifagia stoo mara mbili kwa siku, akapanga droo kwa mstari ulionyooka, akatembea akihesabu nyufa za ukuta na kuandika kwenye daftari. Nilimuona akiandika. Sikusoma. Ningesoma, ningekuta kurasa mbili za nyufa, kila moja na urefu wake.

Alhamisi mchana nilikwenda sokoni kununua ndoo zenye mifuniko na karoti za mwisho. Nilimwomba fundi viatu aliangalie geti, akaweka kiti chake barabarani kabisa, uso kwenye geti letu. Hakubandua macho, namwamini. Baba hakutoka. Hakuwa na sababu ya kutoka.

Niliporudi fundi viatu aliniinulia kidole gumba. Nikaingia uani na ndoo zangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni sufuria ya uji chini, tupu, na brashi ya rangi ndani yake. Kisha nikauona mlango wa stoo. Ulikuwa umebandikwa magazeti. Pembeni, juu, chini, tundu la ufunguo, kila ufa wa ukuta ulikuwa na utepe wake wa gazeti uliobandikwa kwa gundi ya unga, umepigwa pasi kwa kiganja. Dirisha dogo halikuonekana kabisa. Hata fundi wa kulipwa asingeifanya kazi ile kwa unadhifu namna hiyo. Kwenye mlango palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: HATARI. GESI. MTU ASIINGIE. KUFUNGULIWA JUMAPILI SAA TISA. Na chini yake sahihi yake, ile ya zamani, yenye mkia mrefu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua kumi mbele ya mlango, amevaa kofia, analinda.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Funguo zake alizivaa shingoni siku zote, na mimi nilijua humo mna vyeti, picha, na vitabu vyake vya kazi. Sasa sanduku lilikuwa uani, wazi, na juu ya vyeti palikuwa na chupa ya bati nene, kifuniko chake kimefunguliwa. Vidonge vya kufukizia. Ukiviweka hewani vinatoa gesi isiyobakiza kitu, si funza, si panya, si mtu. Aliileta nyumbani siku aliyostaafu, sijui kwa nini, pengine kama wengine wanavyoondoka na kikombe. Miaka yote hiyo nimefagia chini ya kitanda kile, nimelivuta lile sanduku huku na huku kwa mguu.

"Baba!" nikapiga ukelele. Nilitupa ndoo nikaukimbilia mlango. Nilikuwa nawaza pengine bado, pengine wale wa droo za chini, pengine wazazi tu, nikiwapata wazazi wachache naanza upya.

Akanidaka. Mzee wa miaka sabini na nane, ambaye nilikuwa namkatia nyama, alinidaka kiuno kwa mkono mmoja akanirusha nyuma nikakaa chini. Akasimama kati yangu na mlango.

"Una wazimu, bibie? Hujui kusoma? Mtu akivuta pumzi mbili mle hatoki!"

"Ni wangu," nikasema. "Wote ni wangu, umeniulia, umeniulia wote." Nililia kwa sauti pale chini, karoti zimetapakaa kila mahali. Nilimwambia na maneno mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi. Sitayarudia.

Akasikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachuchumaa, mbali kidogo, mikono ameiweka nyuma ili isinifikie. Sauti yake ikashuka.

"Sikia. Miaka yote hii sijapoteza mtu hata mmoja kwenye zamu yangu, na sitaanza leo. Nina binti mdogo nyumbani. Ananingojea getini kila siku. Wewe pia una wako wanaokungojea. Ondoka hapo mlangoni, tafadhali."

Niliondoka. Ningefanya nini?

Ijumaa Mwenye Kware alifika na gari lake kama alivyoahidi. Baba alimpokea getini kwa shati lililopigwa pasi, akampa mkono, akamwita mheshimiwa mkaguzi mkuu. Akampeleka kwa umbali salama, akamwonyesha ubandikaji, akamweleza idadi ya vidonge kwa ukubwa wa chumba. Yule bwana alinitazama mimi, akatazama lile boksi la mkaa, akaelewa kitu fulani, si chote. Alimwambia baba, "Kazi nzuri sana, mzee." Kisha akaniambia polepole kwamba pole, lakini ndege wake hawawezi kulishwa kitu kilichotoka kwenye nyumba yenye sumu ya aina ile, si wiki hii wala nyingine. Sikumlaumu. Baba alishinda amefurahi mpaka jioni.

Jumamosi akaja kaka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, nimepanga maneno. Aliisoma ile chupa, pande zote, polepole kama anavyosoma maandishi ya mitambo yake. Akapima kwa hatua kutoka stoo mpaka dirisha la jikoni. Akapima kutoka stoo mpaka ukuta wa jirani, ambako wanakaa watoto wanne.

"Angeacha ufa mmoja tu," akasema.

"Hakuacha."

"Safari hii." Akakaa kwenye kigoda cha baba, akafunika uso kwa mikono. "Mdogo wangu, nani aliyemwambia kuna mkaguzi?"

Nilimwambia ni mimi. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema tu kwamba baada ya kufungua Jumapili ataondoka naye, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, mimi niliyeapa.

Jumapili saa tisa kaka alibandua mlango kwa mti mrefu wa kuanikia nguo, kitambaa kimemfunika mdomo, na baba nyuma yake akimwelekeza. "Upande wa upepo! Simama upande wa upepo, kijana! Rudi nyuma, acha ipumue!" Kaka akatii kila neno. Tulikaa nje saa moja na nusu, na baba hakumruhusu mtu kusogea mpaka aliporidhika. Kisha akaingia, akatoa droo moja moja, akazipanga uani kwa mstari.

Walikuwa wamelala juu ya pumba, wote, rangi ile ile ya asali waliyokuwa nayo. Nilikoroga kwa vidole droo zote kumi na sita. Hakuna aliyejikunja nilipomgusa. Vipande vya karoti vilikuwa bado vibichi.

"Hakuna hata mmoja aliye hai," akasema baba. Akanipa daftari na kalamu. "Tia sahihi, bosi. Hapo, chini ya yangu."

Nikatia sahihi. Aliikagua, akapuliza wino ukauke, akaliweka daftari kwenye sanduku na kulifunga. Mkoba wake wa nguo ulikuwa tayari kwenye gari. Kaka alikuwa ananitazama, kwa sababu tulijua wote kwamba hatapanda. Mara ya kwanza walimpakia watu watatu, akipiga kelele.

Koti la kaki lilikuwa kwenye msumari. Nikalivaa.

"Umehamishwa," nikamwambia. "Kuna ghala jingine limeshambuliwa, wanakutaka wewe. Gari ndilo hilo."

Akalitazama gari, akajinyoosha. Nikaona jinsi alivyofurahi kutakiwa, na nusura nilivue lile koti. "Kwa muda gani?"

"Mpaka kazi iishe."

"Nyumbani hawana habari. Yule mtoto wangu atangoja getini."

"Nitamwambia mimi."

"Utamwambia wewe mwenyewe? Si utume mtu."

"Mimi mwenyewe."

"Mwambie asikae nje, kuna baridi." Akafikiri kidogo. "Ngoja, siwezi kwenda hivi."

Akaenda bombani. Akasugua kwa kipande cha sabuni, vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akageuka, mikono imenyooshwa mbele ikichuruzika maji, akatafuta uani kwa macho. Alitafuta chini chini, kwenye kimo cha mtoto, karibu na geti, nyuma ya ndoo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Kaka akafungua mlango wa gari.